Mahali pa Kulilia

Kwetu Cahi, bati la jirani ndilo kizingiti changu.
Wa chini akikaanga sambaza, nakohoa mimi;
nami nikimwaga maji ya sufuria
yanashuka ngazi za udongo, yanapita kwa washona viatu,
na huko bondeni mtu nisiyemjua
ananitukana kwa jina langu kamili.

Mimi ni mchora nyumba. Kazi nilijifunzia
kwenye meza iliyonyooka,
na hapa hakuna kilichonyooka
ila kamba ya kuanikia, nayo siku nguo hazipo.

Kaya kumi na saba, kipande kimoja cha mlima,
kile mvua ilichokiacha ilipojichukulia chake.
Nikachora nyumba zilizopandana kama vitabu,
madirisha yote yakitazama ua mmoja,
katikati mti wa avoka, ule ule uliogoma kuporomoka.
Nikatandaza karatasi juu ya jiwe, nikaibana kwa viazi vinne,
nikasubiri sifa.

Ntakwinja akauliza simbilisi wake watalala wapi.
Watoto wakauliza nani mwenye avoka zikianguka.
Nankafu, mjane, alitazama kuliko wote,
kidole chake kikizunguka ua, dirisha kwa dirisha.
"Umetupa mahali pa kucheka," akasema.
"Mimi nitalilia wapi?"

Usiku ule sikulala, nilisikiliza.
Wahenga walisema kuta zina masikio;
hizi zetu za mbao zina na midomo.
Kikohozi cha mtoto wa Cirhuza.
Mtu anahesabu noti, anakosea, anaanza tena.
Sala. Kofi. Kicheko kilichozibwa kwa mto.
Na baada ya kofi, kimya cha nyumba kumi,
kila mmoja akijifanya hayupo.

Asubuhi nikafuta.
Mlango usitazamane na mlango.
Dirisha lisogee mkono mmoja, lione jani kabla ya jicho.
Paa la wa chini libebe udongo, wa juu apande lengalenga,
na wa chini apewe fungu, maana anabeba.
Kingo zote matete na mianzi: kijani hiki si pambo,
ni mkanda wa suruali ya mlima.
Ngazi zipanuke kila baada ya hatua kumi.
Sikuandika "ukumbi wa jamii".
Niliandika: hapa bidoni hupumzika.

Na nyuma ya kila jiko, hatua moja na nusu,
komeo la ndani, kitundu juu ya kichwa
kinachoona mbingu tu, na avoka kidogo.

Zihalirwa, mweka hazina, ambaye sauti yake hufika sokoni kabla yake,
akapiga kalamu pale. "Hiki nini? Stoo?"
"Stoo," nikasema.
"Matofali mia na ishirini kila nyumba! Kata."
Sikujibu. Nankafu hakujibu.
Kalamu ikaanza mstari, ikasimama katikati,
naye akashusha sauti, mara ya kwanza tangu nimjue:
"Na nyumba yangu... inayo?"

Saruji imepanda, bado hatujajenga.
Ila matete yameshika, na jana tulipigilia vijiti
tukavuta kamba, kila kaya ikaingia nyumba yake ya hewa
ikigombania kitanda kikae wapi.
Nankafu alipita jikoni kwake, akafika nyuma,
akasimama ndani ya kamba, mabega yakaanza kutikisika.

Hapakuwa na ukuta. Hapakuwa na mlango.
Ntakwinja akakohoa, akageuka.
Tukageuka wote, hata watoto,
tukalitazama ziwa kwa muda mrefu
kana kwamba hatujawahi kuliona.